Jina Zito la Jagad

Mafua ya saba yalianza siku ya Jumanne, na Ratri aliyajua kabla hayajatoka puani. Mtoto alipiga chafya moja tu, wali ukiwa bado mdomoni, na mama yake akaweka sahani chini akasema moyoni, haya, yamekuja tena. Miezi minne kituoni, mafua saba. Hakuhitaji kuandika popote. Yalikuwa kwenye macho yake yasiyolala na kwenye bega la kushoto la kila blauzi yake ya kazi, pale makamasi yalipokaukia.

Mwenye makamasi alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, kilo kumi na moja na nusu akipimwa na viatu, na jina lake kamili ni Jagadnata. Maana yake mtawala wa ulimwengu, hakuna pungufu. Sisi wa mtaa huu mjini Salatiga tulimwita Jagad, Ulimwengu tu ikatosha, na Ulimwengu wetu alikuwa na tabia ya kufutia pua kwenye sketi ya mtu yeyote aliyesimama karibu. Ukimkemea anakuchekea, meno yote nje. Utafanya nini?

Ratri alikuwa akifanya kazi posta, dirisha la vifurushi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Aliishi na mama mkwe wake, Mbah Sumirah. Mbah ni bibi, na tangu mtoto azaliwe hata Ratri alimwita hivyo. Mume alikuwapo. Aliitwa Bramantya, alikuwa dereva wa gari la maziwa, na gari hilo liliteleza kwenye kona siku ya mvua, mtoto akiwa na siku arobaini na tatu. Baada ya matanga wazazi wa Ratri walikuja kutoka Purwodadi kumchukua binti yao arudi nyumbani. Ratri alimwangalia Mbah alivyokaa peke yake jikoni akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, akawaambia wazazi wake watangulie, naye akabaki.

Mbah aliuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, pale sokoni, alfajiri mpaka adhuhuri. Mwanzoni alikwenda na mjukuu mgongoni, kwenye mbeleko, na mambo yalikuwa mazuri. Kisha mtoto akajua kukimbia. Wiki ya kwanza alipindua trei la mayai ya bata ya jirani. Wiki ya pili akaifungua ndoo ya kambare, na watu wazima sita wakapiga magoti kwenye matope kuwasaka. Soko zima lilimpenda, lakini kwa mbali. Ndipo Ratri akakata shauri kumpeleka kituo cha kulelea watoto cha Bu Tumini, Bu kwetu ni Mama, nyumba yenye ukuta wa kijani nyuma ya ofisi ya kata, na Mbah akakubali kwa shingo upande.

Kituo kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Kilifagiliwa, kilipigwa deki, na Bu Tumini alisimama mlangoni kila asubuhi akigusa paji la uso la kila mtoto kwa mgongo wa mkono, maana kipimajoto hakukiamini. Lakini watoto kumi na wawili ni watoto kumi na wawili. Kigari kimoja cha plastiki kinaanza kinywani mwa huyu, kinapita kwa yule, mpaka saa sita kimeshalambwa na kituo kizima. Jumatatu unampeleka mtoto mzima, shavu linang'aa. Alhamisi unarudishiwa bomba la makamasi linalokohoa.

Mafua ya saba yaliposhuka kifuani, wote watatu walikwenda kwa Dokta Wening. Daktari alimsikiliza Jagad mgongo na kifua, akamchungulia masikio, akampa kijiti cha ulimi achezee, kisha akasema yale yale aliyoyasema mara ya tatu na mara ya tano: kwamba mtoto aliyeanza kituo anaweza kushikwa na mafua mara nane, mara kumi kwa mwaka, na bado akawa mtoto mwenye afya, kwamba mwili wake ndio kwanza unakutana na vijidudu hivi, na kila kinachopita unakishika sura, kwamba akifika umri wa shule atakuwa amepunguza. Anywe maji, alale vya kutosha, pua isafishwe kwa maji ya chumvi. Lakini mkiona anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinabonyea ndani, mleteni mbio.

Ratri alitoka pale roho imetulia. Mbah alitoka amekunja uso. Mvua ilikuwa imeshika, wakasimama kibarazani kuisubiri, mtoto akilamba kijiti chake.

"Nduk," Mbah alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita mkwewe, kama mtu anavyomwita binti yake wa kumzaa. "Mtoto huyu jina limemlemea."

Ratri akacheka. Maneno hayo si mageni kwetu. Mtoto akiwa wa kuugua-ugua, wazee husema jina ni zito kuliko yeye, basi anavuliwa hilo, anapewa jepesi, unapikwa uji mwekundu na mweupe, majirani wanaitwa, dua inasomwa. Pale sokoni wanaume wengi hawaitwi majina waliyozaliwa nayo. Ratri aliyajua hayo yote, ila alidhani anataniwa.

"Mtawala wa ulimwengu," Mbah akaendelea. "Hata zipu hajui kufunga."

Hapo Ratri akamtazama vizuri, akaona hakuna utani usoni. Kicheko kikamkauka.

Mnielewe kuhusu jina hilo. Bramantya alilichagua Ratri akiwa na mimba ya miezi mitano, akaliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na kila alipotoka kazini aliinama akaliambia tumbo: Jagadnata, baba amerudi. Ratri alimpinga, akasema ni jina la mfalme wa jukwaani. Akamjibu kwamba mtoto wa dereva akipewa jina la dereva ataishia kwenye usukani. Baada ya kifo, mashati yake yaligawiwa binamu. Simu yake ilivunjika palepale kwenye kona, na picha zikaondoka nayo. Kilichobaki kwa Ratri ni neno moja ambalo mume wake alilichagua kwa furaha, na alilitamka mara arobaini kwa siku, njoo ule, shuka huko, acha paka. Kulipoteza neno hilo ilikuwa ni kumzika mtu mara ya pili, na nguvu za kuzika tena hakuwa nazo.

Kwa hiyo alimfuta mtoto pua, akaendelea kutazama mvua. Alidhani akinyamaza litapita.

Halikupita. Siku mbili baadaye Mbah alimfuata mtoto kituoni akiwa na kapu lake tupu la tempe, na Bu Tumini akasema baadaye kwamba bibi huyo alisimama mlangoni akauliza majina ya watoto wote, mmoja mmoja, kama anayehesabu wapiga kura. Akatajiwa. Yupo Cakrawala, maana yake upeo wa mbingu. Yupo Samudra, bahari kuu. Wapo wawili wenye majina ya malaika, yupo Raja, yaani mfalme, yupo msichana anayeitwa Gempita, ambayo ni ngurumo. Wote pua zinatiririka. Mbah alirudi nyumbani akiwa amepata ushahidi wa kutosha.

"Ndiyo maana kituo kizima kinakohoa," alimwambia Ratri. "Mmewabebesha watoto milima."

Ratri akamkumbusha kwamba yupo pia Tono, mtoto wa fundi baiskeli, jina jepesi hata ukilitia mfukoni hulisikii, na ndiye anayekohoa kuliko wote. Mbah alifikiri kidogo, akasema Tono anaambukizwa na wenzake. Mtu wa namna hiyo utamshinda vipi?

Mafua ya saba yakaisha. Siku tano nzima Jagad alilala bila kukoroma, na Ratri akaanza kujisahau. Ya nane yalikuja na kikohozi kingine, kikavu, kinachomkunja mtoto mpaka anashika ukuta. Ijumaa saa tano asubuhi simu ya posta ikalia na ilikuwa sauti ya Bu Tumini, imetulia kupita kiasi. Mbavu zinabonyea, alisema, mimi ninatangulia naye kwa daktari, wewe nikute huko.

Ratri aliacha foleni ya watu tisa. Mzee mmoja aliyekuwa anatuma kifurushi cha viatu alimwita, na mpaka leo Ratri hajui viatu vile vilitumwa na nani. Alikimbia kushuka barabara, kitambulisho cha kazi kikimpiga kifuani, na njia nzima aliwaza jambo moja, kwamba ni yeye aliyempeleka pale. Si mwingine. Ni yeye.

Alimkuta Jagad mapajani mwa Bu Tumini, uso umefunikwa kwa kikombe cha plastiki chenye mvuke wa dawa, macho makubwa juu yake. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha Ratri zaidi. Akamchukua, akamkalisha kifuani pake, akaweka mkono ubavuni pa mtoto na kuhesabu pumzi pamoja naye. Dakika ishirini. Kisha nyingine ishirini. Mbavu zikaacha kubonyea. Muda si muda mtoto akakivua kile kikombe mwenyewe akadai biskuti.

Dokta Wening alieleza kwamba njia za hewa za mtoto mdogo ni nyembamba, kirusi cha mafua kikizivimbisha kidogo tu basi pumzi inapiga filimbi. Kwamba wamemwahi, na sasa yuko salama. Kwamba Bu Tumini amefanya kazi ya kupigiwa mfano. Akampa Ratri dawa ya kuvuta akamwonyesha namna ya kuitumia. Ratri aliyasikia yote na kuyashika.

Mbah hakusikia hata moja. Alikuwa amefika kutoka sokoni na aproni kiunoni, ananuka soya, na hakuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, midomo imepauka. Hata mtoto alipomwita hakusogea mara moja.

Jioni ile, Jagad akiwa amelala usingizi wa kawaida, Mbah alimwambia Ratri kwamba ameshakwenda kwa Pak Modin, yule mzee anayetusomea dua mtaani, katika ndoa zetu na katika mazishi yetu. Alhamisi ijayo inaangukia siku ya kuzaliwa ya mtoto, ile inayorudi, kwa hesabu ya wazee, kila baada ya siku thelathini na tano. Uji utapikwa. Majirani wameshaambiwa. Jina jipya litatangazwa.

Hapo Ratri, ambaye miaka yote ndani ya nyumba ile hakuwahi kupandisha sauti, alipasuka. Alisema majirani wameambiwa kabla ya mama mzazi. Alisema mtoto ameugua kwa sababu ya kirusi, kirusi kina jina lake na daktari amelitaja. Alisema daktari ameyasema haya mara tatu, na Mbah amekaa pale mara tatu akitikisa kichwa. Kisha akasema lile ambalo alilijutia lingali mdomoni.

"Jina amelitoa baba yake. Ndicho kitu pekee alichompa. Mbah unataka kumfuta mwanao hata hapo?"

Mbah aliinuka, akafunika mitungi ya maji ambayo tayari ilikuwa imefunikwa, akaingia chumbani kwake. Asubuhi alikwenda sokoni kabla ya mtu kuamka, na Jumamosi nzima walizungumza kupitia kwa mtoto tu, mwambie bibi chakula kipo, mwambie mama sabuni imeisha. Mtoto, hana hili wala lile, alifikisha ujumbe nusu na nusu akaula.

Lakini mafua hayana habari na magomvi ya watu. Siku zile zote Mbah ndiye aliyekuwa anamlisha Jagad uji kwa kijiko, uso kwa uso, na Jagad alikohoa palepale alipotaka kukohoa. Jumapili adhuhuri Mbah alirudi kutoka sokoni mapema, macho mekundu, sauti imekwaruza, akajitupa kitandani na viatu vyake. Mafua ya kituoni yalikuwa yamempata mtu mzima wa miaka hamsini na saba, na yakimpata mtu mzima hayana huruma.

Ratri alisimama mlangoni akamwangalia. Bado alikuwa na hasira. Lakini mwanamke aliyelala pale alikuwa mdogo kuliko alivyomzoea, visigino vimepasuka, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumkanda. Akaenda kuchukua mafuta ya moto na sarafu kubwa ya zamani, ile ya kukwaruzia mgongo mpaka upepo wa ugonjwa utoke, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Geuka, Mbah."

Mbah akageuka bila neno, akapandisha blauzi. Ratri alipaka mafuta akaanza kuvuta sarafu kutoka uti wa mgongo kwenda ubavuni, mstari kwa mstari, na ngozi ikaanza kuwa nyekundu. Nyekundu sana. Upepo umeingia mwingi, alisema, ili kuwe na neno lolote chumbani. Mbah akaguna. Walikaa hivyo mpaka upande wa kulia ukaisha, na ni alipohamia upande wa kushoto ndipo yule mwanamke akaanza kusema, uso wake ukiwa kwenye mto, na Ratri ilibidi ainame ili asikie.

Alisema Bramantya alikuwa hivihivi. Mgonjwa, kifua kila mwezi, filimbi kwenye pumzi. Alikuwa na miaka miwili kasoro. Na mama mkwe wa Mbah, bibi mzaa baba wa Bramantya, alikuja na uji tayari umepikwa na jina tayari limechaguliwa. Slamet. Maana yake salama.

"Jina limlinde, akasema. Bramantya ni ghadhabu, Nduk. Mimi nilikuwa nimelisikia kwenye redio, kwenye mchezo, nikalipenda. Akasema, huwezi kumwita mtoto ghadhabu halafu ukashangaa mwili unamwaka."

"Mbah ukasemaje?"

"Nikakataa." Akakohoa kwa muda mrefu. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne, najiona. Slamet ni jina la wabeba mizigo, nikamwambia, sokoni ukiita Slamet wanageuka kumi. Nikamwaga uji wake. Mbele ya watu nikaumwaga."

Sarafu ilikuwa imesimama. Ratri hakujua imesimama tangu lini.

"Akakua," Mbah akasema. "Akapona kifua, akawa mtu mzima, nikasahau. Miaka thelathini na moja. Siku waliponiletea habari, kitu cha kwanza kilichonijia si kilio. Kilinijia kile chungu cha uji."

Ratri alitaka kusema. Na alisema, kwa upole aliokuwa nao, kwamba ilikuwa mvua, Mbah, ilikuwa mvua na kona na matairi yaliyokwisha, polisi waliandika, kila dereva anayepita pale anaijua kona ile.

"Najua," Mbah akajibu kwenye mto. "Polisi walinisomea. Sina wazimu. Najua ilikuwa matairi." Akapangusa pua kwenye mto. "Lakini mwanangu aliombewa jina moja tu limkinge, na mimi mama yake nikamnyima kwa maringo. Ijumaa niliposimama pale mlangoni nikaona mbavu za huyu mdogo, nikasema safari hii simnyimi, Slamet liwe lake. Hata ukinichukia."

Ratri aliweka sarafu chini. Hakumwambia kwamba hamchukii, ingawa hakumchukia. Alishusha ile blauzi polepole juu ya mgongo ule wenye mistari, akamfunika shuka mpaka mabegani, akabaki ameweka mkono juu ya shuka. Alilia, na hakujali kama anasikika. Wakati wote huu alikuwa amedhani kwamba wao wawili wanamvutania yule marehemu, huyu kule na yeye huku. Kumbe kila mmoja alikuwa amemshika kwa namna alivyoweza.

"Alhamisi nitaomba ruhusa kazini," alisema mwishowe.

Hakuahidi zaidi ya hapo, na Mbah hakudai zaidi.

Siku tatu zile zilikuwa nzito kwake. Dirishani posta alipima vifurushi huku akilijaribu jina lile chinichini, Slamet njoo ule, Slamet acha paka, na kila mara lilimtoka kama jina la mtoto wa jirani. Mchana alisema atakubali. Akirudi nyumbani, mtoto akimkimbilia mlangoni, alisema hawezi. Hakuna aliyemlaumu wala kumsaidia, kwa sababu hakumwambia mtu.

Alhamisi alasiri mkeka ulitandikwa. Mbah alikuwa ameamka alfajiri kupika, uji mweupe wa tui katika sahani moja, mwekundu wa sukari ya mnazi katika nyingine, na nyingine zenye nusu kwa nusu. Homa ilikuwa imemwachia lakini sauti ilikuwa imekwenda kabisa. Tangu jana yake hakutoa neno, ni pumzi tu, na watoto wa mtaa waliona ni mchezo mzuri, wakawa wanamsemesha ili wamwone anavyopepesa midomo. Walikuja watoto wengi. Alikuja pia Bu Tumini, na Tono, na Gempita, na unaweza kujua walipokaa kwa kufuata chafya. Wanawake walijaa upande wa mlango wa jikoni. Jagad alikaa katikati kwa mamlaka yote, shati jipya, tundu moja la pua kavu, jingine hapana.

Pak Modin alikunja miguu, akasalimia, akala kashata moja ili kuwa na nguvu. Alikuwa mtu wa makini. Dua haitaki kubahatisha, husema, lazima ajulikane anayeombewa na ajulikane ni mwana wa nani.

"Haya," alisema, akimtazama Mbah kwa sababu ndiye aliyemwita. "Tunamwombea nani?"

Mbah alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akameza mate, akajaribu tena, shingo imemvimba, na watoto wawili wakaanza kucheka wakafinywa. Basi akamgeukia Ratri. Hakuwa na njia nyingine. Akamwonyesha kwa kidevu, sema wewe.

Mkeka mzima ukageuka na macho ya Mbah.

Angeweza kusema Jagad, na hakuna ambaye angemkatiza. Angeweza kusema Slamet, na yule mama angepata alichokililia, na yeye angerudi chumbani kuzika mtu wake tena. Ratri alimtazama Mbah usoni. Hakuona mtu anayetaka kushinda. Aliona msichana wa miaka ishirini na minne aliyemwaga uji, ambaye amekuja kuomba radhi na amechelewa, na mwenye kuombwa hayupo. Na pale pale akaelewa kwamba jina lile halikuwa la mtoto huyu. Lilipikiwa uji miaka zaidi ya thelathini iliyopita, na lilikuwa na mwenyewe.

"Jagad," alisema.

Kichwa cha Mbah kikainama.

"Bin nani?" akauliza Pak Modin, kama ilivyo desturi, ingawa ni yeye aliyemshusha kaburini baba wa mtoto.

"Bin Slamet."

Mama mmoja pale mlangoni alifungua mdomo kusahihisha, na Bu Tumini akamkanyaga mguu. Pak Modin aliinua macho. Alimtazama Ratri, akamtazama Mbah Sumirah ambaye alikuwa ameinua kichwa na amekaa hivyo, hapepesi, na mzee huyo amezika watu wengi mno mtaani kwetu kuhitaji kuuliza swali la pili. Akainua mikono. Kwa sauti kamili alimwombea Jagad bin Slamet kifua chepesi na umri mrefu. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akamwombea na baba yake, Slamet, mwana wa Sumirah, apokewe salama huko aliko.

Mbah aliitikia amina kwa midomo, kila palipohitajika, na machozi yalimwendea mpaka kidevuni asiyafute. Jina lilipotajwa mara ya tatu aliutafuta mkono wa Ratri pale mkekani, kati ya sahani za uji, akaushika, na hakuuachia mpaka dua ikaisha.